Matabaka ya mbao ndiyo yanayoamua tabia ya raketi ya tenisi ya meza

MCHEZAJI wa tenisi ya meza anapoingia dukani kutafuta raketi, aghalabu hutazama kwanza rangi ya raba, kisha jina la kampuni, halafu bei. Ni wachache mno wanaoigeuza raketi ubavu, wakauchungulia ukingo wake na kuhesabu mistari myembamba inayoonekana pale.

Ilhali mistari hiyo ndiyo inayoeleza raketi ile ni ya namna gani. Kila mstari ni tabaka la mbao lililogandishwa kwa jingine kwa gundi. Idadi ya matabaka hayo, unene wake, aina ya miti iliyotumiwa na jinsi yalivyopangwa ndivyo vinavyoamua iwapo mpira utaruka kwa kasi au kwa utulivu, na iwapo mkono wa mchezaji utausikia mpira au la.

Raba huchakaa, ikabanduliwa na kutupwa baada ya miezi kadhaa. Ubao, kwa upande wake, huweza kumtumikia mchezaji kwa miaka mingi. Kwa hivyo, kosa la kuchagua raba ni hasara ya msimu mmoja, lakini kosa la kuchagua ubao linaweza kumwachia kijana mapigo mabovu ambayo baadaye atataabika kuyaacha.

Kosa hilo huzaliwa na dhana moja iliyoenea: kwamba raketi bora ni ile yenye kasi kupita zote. Uchunguzi wa jinsi ubao unavyoundwa unaonyesha kuwa mambo si hivyo.

Sheria inavyosema

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi ya Meza (ITTF) zinaruhusu raketi iwe ya ukubwa wowote, umbo lolote na uzito wowote, mradi ubao wake uwe bapa na mkakamavu.

Sharti kuu ni kwamba angalau asilimia 85 ya unene wa ubao iwe mbao asilia. Matabaka ya gundi yaliyo ndani ya ubao yanaweza kuimarishwa kwa nyuzi za kaboni, nyuzi za kioo au karatasi iliyoshindiliwa. Hata hivyo, tabaka moja la aina hiyo halipaswi kuzidi asilimia 7.5 ya unene wote wala milimita 0.35, kutegemea kipimo kipi ni kidogo.

Chukua mfano wa ubao wenye unene wa milimita 6. Angalau milimita 5.1 za unene huo lazima ziwe mbao. Asilimia 7.5 ya unene huo ni milimita 0.45, na kwa kuwa milimita 0.35 ni pungufu ya hapo, hiyo ndiyo huwa mpaka wa kila tabaka la nyuzi.

Kwa maneno mengine, hata raketi ya bei ghali kabisa, iliyopambwa kwa maandishi ya kusifu kaboni, bado ni kazi ya seremala. Mti ndio mwili wake.

Kwa nini matabaka?

Yeyote aliyewahi kupasua kuni anafahamu kuwa gogo hupasuka kwa urahisi shoka likifuata urefu wa nyuzi za mti, lakini hugoma shoka likizikata nyuzi hizo. Mti ni mfano wa fito nyingi nyembamba zilizofungwa pamoja. Kwa kufuata urefu wa nyuzi zake, mti huwa mkakamavu mara 10 hadi 20 kuliko kwa upana.

Ubao mwembamba wa kipande kimoja, basi, ungekuwa imara upande mmoja na dhaifu upande wa pili. Ungenepa ovyo mpira unapogonga pembeni, na ungepasuka siku ya kwanza kugonga ukingo wa meza.

Suluhisho ni lile lile linalotumiwa na watengenezaji wa plaiwudi. Mbao nyembamba hupangwa moja juu ya nyingine, huku nyuzi za tabaka moja zikielekea kwenye mpini na nyuzi za tabaka linalofuata zikikingama. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kila tabaka hufidia udhaifu wa jirani yake.

Katika ubao wa matabaka matano, ambao ndio wa kawaida zaidi, matabaka mawili ya nje huwa na nyuzi zinazofuata mpini. Mawili yanayofuata kwa ndani hukingama. La katikati, ambalo huitwa kiini na aghalabu ndilo nene kuliko yote, hufuata tena mpini.

Idadi ya matabaka ya mbao huwa witiri, yaani matatu, matano, saba au zaidi. Sababu yake ni mizani. Kila tabaka lililo upande mmoja wa kiini huwa na mwenzake wa aina moja, unene mmoja na mwelekeo mmoja upande wa pili. Mti unapovuta unyevu au kukauka, pande zote mbili hufutuka au kunywea kwa kiasi sawa, na ubao haupindi.

Ipo hali moja isiyofuata utaratibu huu. Wachezaji wa Japani na Korea wanaoshika raketi kama kalamu wamekuwa wakitumia ubao wa kipande kimoja cha hinoki, mti wa Japani wa jamii ya saipresi. Ubao huo hauna mwenzake wa kuukingama, kwa hivyo hulazimika kuwa mnene, kiasi cha milimita 9 au 10. Ryu Seung-min wa Korea Kusini alitumia ubao wa aina hiyo aliponyakua dhahabu ya Olimpiki jijini Athens mwaka wa 2004.

Mguso wa kufumba na kufumbua

Ili kufahamu kazi ya matabaka, sharti kwanza kutazama kinachotokea mpira unapogonga raketi. Mpira una kipenyo cha milimita 40 na uzito wa gramu 2.7. Hukaa juu ya raketi kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde, kisha ukaondoka.

Katika muda huo mfupi, mpira wenyewe hubonyea, raba na sponji yake hubonyea, nao ubao hunepa na kuanza kutetema.

Wengi hudhani kwamba ubao unaonepa sana huurusha mpira kama upinde urushavyo mshale. Sivyo. Upinde hubaki na mshale hadi uta unapomaliza kurudi mahali pake, ilhali ubao hauna nafasi hiyo. Ubao laini hurudi polepole, na mpira huwa umekwisha kuondoka kabla ya safari hiyo kukamilika. Nguvu iliyosalia hugeuka mtetemo unaohisika mkononi na sauti inayosikika sikioni.

Ubao mkakamavu hunepa kidogo na kurudi upesi, kwa hivyo sehemu kubwa zaidi ya nguvu hurejea kwenye mpira. Hiyo ndiyo maana ya ubao wenye kasi: ni ubao unaopoteza nguvu kidogo.

Lakini kupoteza nguvu si dosari daima. Mchezaji anayepokea mpira uliokuja kwa kishindo, naye akataka kuudondosha taratibu karibu na wavu, anahitaji ubao unaomeza sehemu ya kishindo kile. Ule unaorudisha kila kitu humponyoka.

Nusu milimita yenye uzito

Miongoni mwa mambo yote yanayoathiri ukakamavu, hakuna linalopita unene. Kanuni ya uhandisi ni kwamba ukakamavu wa ubao huongezeka kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Ukiuongeza unene mara mbili, ukakamavu huongezeka mara nane.

Mbao nyingi za raketi huwa na unene wa kati ya milimita 5 na 7. Tofauti ya milimita moja au nusu yake huonekana kama kitu cha kupuuzwa. Hata hivyo, ubao wa milimita 6 una ukakamavu unaozidi ule wa milimita 5.5 kwa takriban asilimia 30, hata kama umetengenezwa kwa mti ule ule na kwa mpangilio ule ule.

Ndiyo maana ubao wa matabaka saba ya mbao tupu huwa na kasi kuliko wa matano. Matabaka mawili ya ziada huongeza unene, na mistari miwili zaidi ya gundi nayo huongeza ugumu, kwa kuwa gundi ikishakauka huwa ngumu kuliko mti laini unaoishikilia. Clipper, ubao wa matabaka saba unaotengenezwa na kampuni ya Stiga ya Uswidi, ulijipatia sifa kwa wachezaji wanaopiga mipira ya moja kwa moja wakiwa karibu na meza.

Jambo la pili ni mahali tabaka lilipo. Ubao unaponepa, upande mmoja hunyooka na upande wa pili hujibana, ilhali sehemu ya katikati haifanyi kazi kubwa. Kadiri tabaka linavyokuwa mbali na katikati, ndivyo mchango wake unavyokuwa mkubwa.

Hesabu yake inashangaza. Katika ubao wa milimita 6 uliotengenezwa kwa mti wa aina moja, na nyuzi zote zikielekea upande mmoja, nusu milimita ya juu pamoja na nusu milimita ya chini huchangia takriban asilimia 42 ya ukakamavu wote. Milimita mbili za katikati huchangia chini ya asilimia 4 pekee.

Kutokana na hesabu hiyo, mafundi hutumia mti mwepesi kwa kiini na mti mgumu zaidi kwa nje. Kiini huleta unene bila kuleta uzito, nayo matabaka ya nje hubeba kazi. Ubao mzima huishia kuwa na uzito wa takriban gramu 80 hadi 95, ambao mkono unaweza kuuzungusha kwa saa kadhaa bila kuchoka.

Miti na tabia zake

Tabaka la nje ndilo la kwanza kukutana na raba, na ndilo linalotoa hisia ya kwanza ya mguso. Likiwa la mti mgumu kama koto, mpira huondoka upesi na mguso huwa mkavu. Likiwa la mti laini zaidi kama limba au hinoki, mpira hukaa kidogo, na mchezaji huona ana nafasi ya kuusugua ili uzunguke.

Tabaka la pili, lile linalokingama, hudhibiti unepaji wa ubao kwa upana wake. Likiwa gumu, ubao hutoa jibu moja hata mpira ukigonga nje kidogo ya kitovu. Likiwa laini, mchezaji huhisi zaidi, lakini huadhibiwa zaidi anapokosea shabaha.

Kiini huamua uzito na tabia ya mapigo makali. Ayous, ambao ndio mti unaotumiwa sana kwa kiini, huwa na uzito wa takriban kilo 380 kwa kila mita moja ya ujazo. Limba hufikia takriban kilo 550, nao koto hukaribia kilo 600. Kiri, mti wa mashariki ya Asia ambao pia huitwa paulownia, hauzidi kilo 300 kwa kawaida. Balsa, ambao kwa wingi hutoka Ecuador, huweza kuwa chini ya kilo 200.

Kiini cha balsa, kwa kuwa chepesi mno, huweza kufanywa kinene na bado raketi isilemee mkono. Unene huo huleta ukakamavu, lakini balsa yenyewe ni laini na humeza kishindo. Matokeo yake ni ubao ambao huwa mtulivu kwa mapigo ya taratibu, na wenye sauti na mguso usiofanana na wa mbao nyingine.

Mbao kutoka misitu ya Afrika

Miti mitatu kati ya hiyo, yaani ayous, limba na koto, ni ya misitu ya Afrika. Ayous humea kutoka Afrika Magharibi hadi Kongo. Jina hilo ni la Kameruni. Waghana huuita wawa, Wanigeria huuita obeche, nako Kodivaa hujulikana kama samba.

Limba humea katika ukanda huo huo hadi Angola, na msitu wa Mayombe ulio magharibi mwa Kongo ni mojawapo ya makao yake mashuhuri. Koto hupatikana hasa Kodivaa, Ghana na nchi jirani.

Magogo na mbao nyembamba za miti hiyo husafirishwa hadi viwanda vya Ulaya na Asia, zikiwemo nchi za Uswidi, Ujerumani, Japani na Uchina. Huko hukatwa, hugandishwa na kupigwa chapa, kisha hurejea barani Afrika zikiwa raketi ambazo bei yake humshinda mwanafunzi wa kawaida. Mwafrika anayecheza kwa raketi ya bei kubwa ya kutoka ng'ambo huenda, bila kujua, ameshika mti wa bara lake.

Nyuzi za kaboni na mahali pake

Unyuzi wa kaboni una ukakamavu unaozidi ule wa mti kwa zaidi ya mara 20, hata mti ukipimwa kwa kufuata urefu wa nyuzi zake. Ndiyo maana sheria imeuwekea mpaka, na ndiyo maana tabaka jembamba kama karatasi linatosha kubadilisha ubao mzima.

Faida yake haiishii kwenye kasi. Nyuzi zilizofumwa husambaza nguvu ya mgongo wa mpira katika eneo pana, kwa hivyo sehemu ya ubao yenye mdundo ulio sawa hupanuka. Hasara yake ni kwamba kaboni tupu huondoa sehemu kubwa ya hisia ambayo mchezaji huitegemea kujua amepiga vipi.

Ili kupunguza hasara hiyo, kampuni ya Butterfly ya Japani ilichanganya kaboni na nyuzi za arilati, ambazo hutuliza mtetemo. Ubao wake uitwao Viscaria, uliotolewa mwaka wa 1993, una mpangilio wa koto, nyuzi za arilati na kaboni, limba, kisha kiri katikati, halafu mpangilio huo huo kurudi nje. Zhang Jike wa Uchina aliutumia ubao huo alipotwaa ubingwa wa Olimpiki jijini London mwaka wa 2012.

Katika ubao huo, nyuzi zimewekwa chini tu ya tabaka la nje. Ipo njia nyingine, ambapo nyuzi huwekwa ndani zaidi, zikikigusa kiini. Hurricane Long 5 ya kampuni ya DHS ya Uchina, ubao unaohusishwa na bingwa wa Olimpiki wa 2016 na wa Michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, Ma Long, umeundwa kwa njia hiyo.

Tofauti ya njia hizo mbili ni ile ile ya hesabu ya umbali. Tabaka la nyuzi lililo milimita 2.4 kutoka katikati ya ubao hutoa mchango wa ukakamavu unaozidi mara mbili na nusu ule wa tabaka kama hilo lililo milimita 1.5 kutoka katikati. Nyuzi, gundi na uzito ni vile vile. Kilichobadilika ni mahali tu.

Kwa hivyo, ubao wenye nyuzi ndani hujibu kama mbao tupu mchezaji anapogusa taratibu, na nyuzi zake huamka anapopiga kwa nguvu. Wenye nyuzi nje huwa na kasi wakati wote, upende usipende.

Mabingwa wawili, mbao mbili

Hakuna ubao ulio bora kwa kila mtu. Hilo lilidhihirika katika fainali ya ubingwa wa dunia wa wanaume mwaka wa 2003 jijini Paris, kati ya Werner Schlager wa Austria na Joo Se-hyuk wa Korea Kusini.

Joo alisimama mbali na meza akiikata mipira na kuirudisha ikiwa imejaa mzunguko wa nyuma. Schlager alishambulia. Mshambulizi aliibuka na ushindi wa seti 4-2, lakini mlinzi alikuwa amekwisha kuonyesha kuwa anaweza kufika fainali ya dunia kwa mchezo wa kumeza nguvu za mpinzani.

Mbao zilizouzwa baadaye kwa majina yao zinaeleza tofauti hiyo. Ule wa Schlager una nyuzi za kaboni na tabaka la nje la hinoki, na ni mnene na wenye kasi kubwa. Ule wa Joo ni wa matabaka matano ya mbao tupu, na uso wake ni mpana, kama ilivyo desturi ya mbao za walinzi. Anayeikata mipira anahitaji ubao unaotuliza kishindo. Kumpa ubao wa mshambulizi ni kumnyang'anya silaha.

Mabadiliko ya kanuni nayo yamezidisha tamaa ya kasi. Mpira ulikuzwa kutoka milimita 38 hadi 40 mwaka wa 2000. Gundi zenye viyeyusho vinavyovukiza, ambazo ziliipa raba msukumo wa ziada, zilipigwa marufuku mwaka wa 2008. Mpira wa seluloidi ulianza kuachwa mwaka wa 2014, mahali pake pakachukuliwa na ule wa plastiki. Kila hatua ilipunguza kasi au mzunguko, na wachezaji wengi wakatafuta fidia kwenye ubao.

Fidia hiyo inamfaa bingwa anayefanya mazoezi kwa saa kadhaa kila siku. Kwa anayejifunza, ni jambo jingine.

Anayejifunza achukue upi?

Mwanafunzi aliyepewa ubao wenye kasi mno hugundua upesi kwamba mpira humtoroka mezani. Ili usimtoroke, huanza kulifupisha pigo lake. Badala ya kuuzungusha mkono na kiuno, husukuma tu kwa woga. Pigo hilo fupi likishazoeleka, huwa vigumu kulirekebisha.

Ubao mtulivu humdai atoe nguvu kutoka mwilini mwake mwenyewe. Humfundisha kupiga pigo kamili, nao mtetemo wake humwarifu papo hapo iwapo mpira umegonga kitovu au pembeni. Haraka haraka haina baraka, na katika mchezo huu methali hiyo ni ushauri wa kiufundi.

Kwa sababu hiyo, ubao unaomfaa mwanafunzi ni wa matabaka matano ya mbao tupu, wenye unene wa kati ya milimita 5.5 na 6, na uzito wa takriban gramu 80 hadi 90. Kaboni inaweza kungoja. Aghalabu, ubao wa namna hiyo pia huwa na bei nafuu kuliko ule wenye nyuzi, kwa hivyo mzazi au shule hunufaika mara mbili.

Asiyekuwa na vipimo anaweza kutumia macho na masikio. Kwanza, auchungulie ukingo na kuhesabu matabaka. Unene wa matabaka yanayolingana pande mbili uwe sawa, na pasiwe na mwanya wala tone la gundi lililofura.

Pili, aushike ubao usio na raba kwa mpini na kuudundisha mpira juu yake. Sauti nyembamba ni dalili ya ukakamavu na kasi. Sauti nzito ni dalili ya ulaini. Tatu, aupime uzito iwapo mizani ipo. Mbao mbili zenye jina moja na kutoka kiwanda kimoja huweza kutofautiana kwa gramu kadhaa, kwa kuwa hakuna miti miwili inayofanana.

Utunzaji nao una nafasi yake. Katika mji wenye unyevu mwingi kama Mombasa, ubao hufyonza maji ya hewani, ukawa mzito na mzubavu zaidi. Kuuhifadhi ndani ya mkoba uliofungwa, na kuupaka vanishi kidogo sana kabla ya kubandika raba ya kwanza, huupunguzia unyevu na kuzuia nyuzi za tabaka la nje zisibanduke pamoja na raba. Vanishi ikizidi, hata hivyo, huufanya uso kuwa mgumu na kuubadilisha tabia.

Nafasi ya fundi wa hapa

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalitambui. Raba zinazotumiwa katika mashindano ya kimataifa lazima ziwe kwenye orodha ya zile zilizoidhinishwa na ITTF. Ubao hauna orodha kama hiyo. Maadamu ni bapa, ni mkakamavu na unatimiza sharti la asilimia 85, ni halali, hata ukiwa umetoka katika karakana ya kijijini.

Kazi yenyewe si rahisi. Inahitaji mbao zilizokauka vyema, zenye nyuzi zilizonyooka na zisizo na vifundo, zilizochanwa kwa wembamba ulio sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Inahitaji gundi inayoenea bila kulundikana, na shinikizo lililo sawa kote.

Saipresi inayopandwa katika nyanda za juu za Kenya ni ya jamii moja na hinoki, lakini si mti ule ule. Hinoki inayosifiwa sana, kama ile ya Kiso nchini Japani, hukua polepole kwa miaka mingi, na miviringo yake ya ukuaji hukaribiana. Saipresi ya mashamba ya miti hukua haraka, miviringo yake huachana, na huwa na vifundo vingi. Fundi angelazimika kuchagua vipande vyake kwa makini.

Lakini mahitaji ya mwanafunzi si ya bingwa wa dunia. Ubao wa matabaka matano uliopangwa kwa mizani, ulionyooka na wenye uzito wa wastani, unatosha kumfikisha mbali. Vigezo vyake vinajulikana, na vinaweza kupimwa kwa rula, mizani na sikio.

Hadi siku ambayo fundi wa hapa atajitosa katika kazi hiyo, mwalimu wa michezo anayezinunulia timu za shule raketi ana silaha moja isiyomgharimu chochote. Aigeuze raketi ubavu kabla ya kutoa pesa, ahesabu matabaka, na ajiulize mchezaji atakayeishika yuko katika hatua gani.